Namna ya Kujadili Uteuzi wa Kikosi cha Twiga Stars kwa Hoja na kwa Haki

Kila orodha ya Twiga Stars, timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Tanzania, inapotangazwa, swali linalosikika kwanza vijiweni na katika makundi ya simu ni lile lile: kwa nini fulani hayumo? Swali hilo ni halali, maana timu ya taifa ni ya wananchi na kila anayeipenda ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, likiachwa hivyo lilivyo halijibiki, kwa sababu limetaja nusu tu ya jambo. Mwalimu wa timu ya taifa hupanga kundi lenye idadi maalumu, na kila anayeingia amechukua nafasi ambayo mwenzake angeipata. Ndiyo maana nimejiwekea sharti moja kabla ya kufungua mdomo: nikitaka mchezaji aitwe, nitaje anacheza namba gani, anahitajika kwa mechi ya aina gani, na nani ampishe. Nikishindwa kujibu mojawapo ya hayo matatu, nanyamaza na kurudi kwanza kutazama mpira.

Maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kulitimiza sharti hilo. Nimeyaandika nikiwafikiria mashabiki na wachambuzi wa redio, lakini pia wazazi na walimu wa timu za mitaani, ambao mara nyingi ndio wanaowajua wachezaji hawa tangu wakiwa wadogo na ndio wanaoumia zaidi jina linapokosekana.

Jua kikosi kinaitwa kwa kazi gani

Kambi ya timu ya taifa si moja. Kuna kambi ya mechi za kirafiki katika wiki za kalenda ya FIFA, yaani wiki zilizotengwa kwa mechi za timu za taifa, ambapo mwalimu ana uhuru wa kujaribu sura mpya. Kuna mechi mbili za mtoano, nyumbani na ugenini, ambapo kosa moja linaweza kuifunga safari nzima. Kuna mashindano ya kanda kama CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati. Na kuna fainali za Mataifa ya Afrika kwa wanawake, yaani WAFCON. Mchezaji anayestahili kuitwa kwa shughuli ya kwanza anaweza asistahili kwa ya pili, na hilo halimpunguzii hadhi. Kumlaumu mwalimu kwa kutomwita binti wa miaka 17 katika mechi ya marudiano ugenini ni jambo moja, na kumlaumu kwa kutomwita katika mechi ya kirafiki ni jambo jingine. Lawama ya pili ina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mechi ya kirafiki ndipo mahali pa kumjaribu.

Baada ya hapo, fanya hesabu. Katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2019 na la 2023, kila nchi iliruhusiwa wachezaji 23, wakiwamo makipa watatu. Wanabaki 20 kwa nafasi kumi za ndani ya uwanja, wastani wa wawili kwa kila nafasi. Idadi inayoruhusiwa inaweza kutofautiana kidogo kutoka mashindano hadi mashindano, lakini mantiki haibadiliki: ukimwongeza mshambuliaji wa tano, kuna beki au kiungo umemrudisha nyumbani. Chukua karatasi, andika majina yako yote kwa mpangilio wa nafasi, kisha uone kama beki wako wa kushoto ana mtu wa kumpokea akifungiwa mechi kwa kadi mbili za njano. Watu wengi hugundua hapo kwamba orodha waliyokuwa wakiitetea kwa sauti kubwa ina washambuliaji saba na haina beki wa kushoto wa akiba.

Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu ya yaliyotokea uwanjani. Twiga Stars ilifuzu WAFCON kwa mara ya kwanza mwaka 2010, fainali zikachezwa Afrika Kusini. Ilifungwa na wenyeji 2-1, ikafungwa na Mali 3-2, kisha Nigeria 3-0. Ilisubiri miaka mingi kabla ya kurudi, na iliporudi katika fainali zilizochezwa Morocco Julai 2025 ilikutana tena na Mali na Afrika Kusini katika kundi moja, safari hii wa tatu akiwa Ghana. Tarehe 7 ilifungwa na Mali 1-0, tarehe 11 ikatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini iliyokuwa bingwa mtetezi, na tarehe 14 ikafungwa na Ghana 4-1. Ukijumlisha mechi zote sita za fainali hizo mbili, tumefunga mabao matano na kufungwa 14. Pamoja na hayo, mabishano yetu mengi bado ni juu ya nani aongoze safu ya ushambuliaji. Kwa maoni yangu, mjadala wenye manufaa zaidi kwa Twiga Stars leo ni wa mabeki na kiungo mkabaji, na huo ndio tunaoufanya kwa nadra.

Mechi za Morocco zina fundisho la pili. Mechi tatu zilichezwa ndani ya siku nane. Timu iliyomzuia bingwa mtetezi ilifungwa mabao manne siku tatu baadaye. Anayezijadili mechi hizo kwa kutazama wachezaji 11 wa mwanzo pekee anaacha swali muhimu kuliko yote ya uteuzi, ambalo ni la mchezaji wa 15 hadi wa 20: nani anaweza kuingia dakika ya 60 na timu isipungue nguvu? Majina hayo ndiyo yanayostahili kubishaniwa kwa kina. Nyota wawili watatu wa timu hawana mgogoro. Kila mwalimu angewaita.

Watazame wakicheza, na uandike

Soka la wanaume lina wachambuzi kila kona, marudio ya mabao kila saa na takwimu za kila pasi. Soka la wanawake halijafikia hapo, na matokeo yake ni kwamba mchezaji hujulikana kwa jina kabla ya kujulikana kwa mchezo wake. Aliyewahi kufunga bao zuri lililosambaa kwenye simu anatetewa na maelfu ya watu, na beki aliyecheza msimu mzima bila kukosea hatajwi na mtu. Kwa hiyo hatua ya lazima, ambayo hakuna njia ya mkato ya kuikwepa, ni kwenda uwanjani au kutazama mechi nzima.

Beba daftari. Huhitaji elimu ya ukocha. Kwa mchezaji unayemfuatilia, andika dakika alizocheza, nafasi aliyochezeshwa, mpinzani aliyekabiliana naye, na mambo mawili au matatu aliyoyafanya mpira ukiwa haupo miguuni mwake. Hilo la mwisho ndilo lenye habari nyingi zaidi. Winga hutambulika akiwa na mpira, lakini kwenye mechi ya kimataifa atakaa bila mpira kwa muda mrefu zaidi. Je, anarudi kumsaidia beki wake, au anasimama mstari wa kati na kunyoosha mkono akiomba pasi? Beki wa kati anapanga wenzake, au anasubiri kupangwa? Kipa anatoka kuidaka krosi, au anakwama kwenye mstari wa goli? Baada ya mechi nne au tano utakuwa na maelezo ambayo watu wengi wanaobishana juu ya mchezaji huyo hawana.

Ukishakuwa na maelezo, yapime kwa kuangalia mpinzani alikuwa nani. Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens ikawa bingwa wa kwanza. Tangu msimu uliofuata hadi ule wa 2024/25, ubingwa umekuwa ukizunguka kati ya JKT Queens na Simba Queens tu. Pengo hilo kati ya klabu hizo mbili na nyingine lina maana kubwa kwa mjadala wetu. Tuseme mshambuliaji amefunga mabao 20, na 14 kati ya hayo ameyapata dhidi ya timu tatu za mkiani zilizofungwa mabao mengi na kila mtu; mwingine amefunga tisa, lakini manne ni dhidi ya timu mbili za juu. Jedwali la wafungaji linasema wa kwanza ni bora. Mimi ningemtazama wa pili kwanza, kwa sababu mabeki wa Ghana na Mali wanafanana zaidi na wale wa timu za juu kuliko na wale wa mkiani.

Pengo hilo hilo huficha wachezaji kwa namna nyingine. Kipa wa timu inayotawala ligi anaweza kumaliza dakika 90 akiwa ameugusa mpira mara chache, ilhali kipa wa timu inayopigania kutoshuka daraja anajaribiwa kila wiki kwa mashuti ya karibu, kona na mipira ya juu. Beki wa timu bingwa hucheza mbele, karibu na mstari wa katikati, na mara nyingi hajazoea kukaa ndani ya boksi lake kwa dakika 20 mfululizo akiokoa. Twiga Stars ikikutana na vigogo wa Afrika, kazi yake hufanana zaidi na ile ya timu ya chini kwenye ligi yetu kuliko ile ya bingwa. Kwa sababu hiyo naamini kwamba kipa au beki wa timu ya katikati au ya chini ya msimamo anastahili kutazamwa kwa makini kuliko tunavyomtazama sasa, na kwamba mtu akitaka kuleta jina jipya lenye maana katika mjadala wa uteuzi, alitafute huko: Iringa, Mwanza, Bunda, Dodoma, na pia Zanzibar, ambako wachezaji wake wana haki ya kuichezea Twiga Stars sawa na wa Bara.

Hata hivyo, hoja ya "klabu mbili zimejaza kikosi" isitumike kama ushahidi wa upendeleo peke yake. Klabu zinazotwaa mataji kila mwaka huwasajili wachezaji wazuri kutoka kwa wengine. Ni kawaida wawe wengi. Simba Queens ilimaliza ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022, na JKT Queens ikashiriki mashindano hayo mwaka 2023, kwa hiyo wachezaji wao walikutana na timu za kiwango ambacho wenzao hawakukiona. Anayedai upendeleo ana wajibu wa kumtaja mchezaji wa klabu nyingine ambaye ni bora katika nafasi ile ile, na kueleza ubora huo ameuona wapi.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Kila mmoja wetu ana klabu. Hakuna aibu katika hilo, lakini ni heri ulitaje mapema katika mazungumzo kuliko kuachia wenzako waligundue. Kuna jaribio dogo ambalo limenisaidia mara nyingi. Andika sifa za wachezaji wawili wanaogombea namba moja bila majina na bila klabu: umri, dakika alizocheza msimu huu, nafasi anazozimudu, mguu anaoutumia, mechi ngumu alizocheza, na majeraha yake kama yametangazwa hadharani. Mpe mtu mwingine achague, kisha mwonyeshe majina. Nimeshawahi kujikuta nikimtetea kwa miezi kadhaa mchezaji ambaye, alipoondolewa jina, hata mimi mwenyewe sikumchagua.

Upendeleo wa mkoa, wa shule aliyosoma mchezaji na wa kituo alichokulia unapimwa kwa njia hiyo hiyo.

Wachezaji wa nje ya nchi

Kizazi cha sasa kina jambo ambalo kile cha 2010 hakikuwa nalo kwa kiwango hiki. Aisha Masaka amepita BK Häcken ya Sweden na kwenda Brighton ya Uingereza, Clara Luvanga amejiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia, Opa Clement amecheza Beşiktaş ya Uturuki, na Julietha Singano amecheza Juárez ya Mexico. Tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini kucheza nje si sifa inayojitosheleza, na mjadala unapaswa kuuliza maswali mawili. La kwanza ni la dakika: mchezaji anayekaa benchi katika ligi kubwa kwa miezi minne anaweza kuwa na utimamu mdogo wa mechi kuliko yule anayecheza dakika 90 kila wiki hapa nyumbani, mathalani uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam. La pili ni la safari: anayetoka Mexico anavuka bahari na saa nyingi za tofauti ya wakati, na kama atafika siku mbili kabla ya mechi, kumtumia kama mchezaji wa akiba kunaweza kuwa uamuzi wa busara na wala si dharau.

Kabla ya kumlaumu mwalimu kwa kukosekana kwa mchezaji wa nje, angalia tarehe. Kwa kanuni za FIFA, klabu inalazimika kumwachia mchezaji katika wiki za kalenda ya kimataifa ya wanawake. Mashindano yakichezwa nje ya wiki hizo, klabu ina haki ya kukataa. Mengi ya malalamiko ninayoyasikia juu ya vikosi vya mashindano ya kanda yangejibiwa kwa kufungua kalenda hiyo tu.

Kuhusu mabinti wa Kitanzania waliozaliwa au kukulia ughaibuni, ambao majina yao hupendekezwa mara kwa mara kwa nia njema, swali la kwanza ni la pasipoti. FIFA humtaka mchezaji awe na uraia wa nchi anayoichezea, na Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Binti aliyeshika uraia wa Sweden au Kanada anatakiwa kuuacha ili avae jezi yetu. Huo ni uamuzi mzito wa maisha yake, unaogusa masomo, kazi na familia, na si wetu kumshinikiza kuufanya kwa sababu tu tunahitaji winga wa kulia.

Vijana

Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana wa umri huo mdogo, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Walifungwa na Japani 4-0 katika mechi ya kwanza, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, kisha wakatolewa na Kolombia kwa mabao 3-0. Tangu hapo hoja ya "wapandisheni wale wa India" imekuwa ikirudi katika kila mjadala, na ina mantiki, hasa kwa kuwa Bakari Shime aliyewafundisha India ndiye aliyeiongoza Twiga Stars Morocco. Mwalimu anayewajua tangu wadogo hahitaji kuanza upya.

Hata hivyo, mafanikio ya umri mdogo yasichukuliwe kama tiketi ya kudumu. Katika umri huo msichana aliyekomaa mwili mapema huwazidi wenzake kwa nguvu na mbio, na faida hiyo huisha anapokutana na wanawake wa miaka 26. Muulize anayempendekeza: kijana huyu anacheza wapi sasa, na kwa dakika ngapi? Kama jibu ni kwamba bado anatetewa kwa mechi za 2022, hoja imechakaa. Kama anacheza kila wiki dhidi ya watu wazima na hatikisiki, basi mpiganie, na taja pia mkongwe ambaye angempisha, kwa heshima inayomstahili mkongwe huyo.

Mambo ya kuacha nje ya mjadala

Umbo la mchezaji, sauti yake, mavazi yake, kama ameolewa au la, na anachokifanya nje ya uwanja si vigezo vya uteuzi. Nimesikia mijadala iliyoanza kwa kiungo mkabaji ikaishia kwenye mwili wa mtu, na mchezaji mwenyewe akiwa na simu mkononi akiyasoma yote hayo. Anayeongoza mazungumzo, awe mtangazaji au msimamizi wa kundi, ana wajibu wa kuyakata hapo hapo. Hijabu nayo si hoja, kwani inaruhusiwa uwanjani tangu 2014.

Majeraha na uzazi vijadiliwe kwa kadiri ya kile ambacho mchezaji au timu imetangaza, na si zaidi. Kuchanika kwa kano ya ndani ya goti huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na humweka mchezaji nje kwa miezi tisa au zaidi. Aliyerudi uwanjani wiki tatu zilizopita hajawa yule tuliyemjua. Kuhusu uzazi, kanuni za FIFA zilizoanza 2021 zinampa mchezaji likizo isiyopungua wiki 14, na marekebisho ya 2024 yanavihimiza vyama vya soka kuwawezesha wachezaji kuwa karibu na familia zao wakiwa na timu ya taifa. Kwa hiyo usemi wa "huyo ana mtoto, amekwisha" haufai kusikika. Swali ni lile lile la wengine wote: anacheza dakika ngapi, na anazichezaje?

Siku ya kutangazwa kikosi

Andika orodha yako kabla mwalimu hajatangaza yake, uwatumie watu wawili unaowaamini. Hatua hii ni ndogo, lakini inakuzuia kujidanganya baadaye kwamba ulikuwa umeyaona yote. Orodha rasmi ikitoka, linganisha. Utakuta majina mengi yanafanana, yaweke kando. Yaliyobaki, kwa kawaida manne au matano, ndiyo uwanja wako wa mjadala.

Kwa kila jina lililokosekana, tengeneza sentensi moja kamili. "Kocha ana watu wake" haimpi msikilizaji chochote cha kupima. Ukisema, "Kwa mechi ya ugenini dhidi ya timu inayopiga krosi nyingi, ningemwita beki wa kati mrefu niliyemwona katika mechi tano za ligi, badala ya kiungo mshambuliaji wa nne, kwa sababu tulifungwa mabao ya vichwa na hatukuwa na mbadala kwenye benchi," yeyote anaweza kukujibu. Anaweza kusema kwamba beki huyo ni mzito kugeuka, au kwamba kiungo huyo ndiye mpigaji pekee wa mipira ya adhabu, na hapo mjadala wa kweli umeanza. Mpinzani wako akikuambia jambo ambalo hukulijua, mathalani kwamba mchezaji aliomba ruhusa ya mitihani ya chuo, likubali na ubadilishe orodha yako mbele ya watu.

Mechi zikishachezwa, rudi kwenye ile orodha. Tazama wale uliowapinga wakaitwa: walicheza dakika ngapi, na walifanya nini? Tazama nafasi ambayo ulidai ina upungufu kama kweli ndiyo iliyovuja. Andika majibu kwenye daftari lile lile, pamoja na makosa yako, kwa sababu ndani ya miezi michache kalenda ya FIFA itafika tena na wachezaji wale wale, wakiongezeka wawili watatu kutoka ligi, watakuwa wanasubiri simu ya kuitwa kambini.